Kimya cha Stoo

Dakika moja ya kimya aliyoinasa Fundi ilitoka na urefu wa dakika moja na sekunde nne.

Alikuwa ameitegesha mashine ijizime ikifika sekunde ya sitini, na mashine ile, aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya redio tatu mbovu, haikuwa na tabia ya kumdharau. Akaitazama namba kwenye kioo, akasema "hee," kisha akaendelea na kazi. Zilibaki dakika chache kengele ya mapumziko ilie.

Redio yao ilikuwa ya kujificha. Uongozi wa shule ulikwisha piga marufuku hata gazeti la ukutani, kwa hiyo wanafunzi wakaanzisha kituo kwenye stoo iliyo chini ya ngazi za maabara, palipotupwa ramani zilizochanika, madawati yasiyo na miguu na magunia ya chaki iliyolowa. Mtambo wa kurushia ulikuwa na ukubwa wa mkate na nguvu zake ziliishia getini. Lakini ndani ya geti kulikuwa na wanafunzi mia nne, na kila mapumziko wote walikuwa wameinamia vitabu, visikilizio masikioni, wakijifanya wana bidii.

Mtangazaji alikuwa mdogo wake Fundi, kijana aliyemfuata kwa mwaka mmoja, ambaye shule nzima ilimwita Kasuku. Alikuwa hawezekani. Akimwiga mwalimu mkuu, walimu waliokuwa wanapita nje walinyoosha tai. Alimweza mlinzi, alimweza mwalimu wa hesabu anayekohoa kabla ya kila jibu, alimweza hata kuku wa jirani. Mtu mmoja tu alimshinda, naye ni dada yake. Alijaribu mara mia, ikatoka sauti ya mtu mwingine kabisa, na Fundi alijivunia hilo kimoyomoyo.

Nyumbani alikuwa na mchezo uliomkera dada yake tangu utotoni. Aliingia chumbani kwake kwanza, akakaa kitandani, akavua na viatu, ndipo aseme kwa adabu ya mgeni wa mbali, "Hodi, dada." Fundi alijibu "Karibu" bila kugeuka. Mama yao, siku aliyowaandikisha shule ile, alimwambia binti yake maneno machache tu: "Mwangalie mwenzio. Yule hajui kunyamaza."

Na kwa kuwa hakujua kunyamaza, ndipo likatokea kosa. Kila Kasuku alipovuta pumzi kati ya habari na habari, mtambo ulitoa mlio uliochoma masikio. Dawa yake Fundi aliijua: unanasa kimya cha chumba chenyewe, halafu unakitandika chini ya maneno mwanzo hadi mwisho, kama kitambaa chini ya vyombo. Kimya cha namna hiyo hunaswa watu wakiwa ndani, wamebana pumzi. Kasuku alijaribu kubana, akacheka. Akajaribu tena, akacheka zaidi. Fundi akamshika sikio, akamtoa nje, akatoka naye, akafunga mlango na kuiacha mashine inanasa peke yake mle gizani.

Siku hiyo hapakuwa na muda wa kukisikiliza kile kimya. Kengele ililia, Fundi akakirusha hewani kilivyo, na mwishoni kabisa kikasikika kitu kidogo, kama mtu anayesema chini chini kwenye ngazi. Kasuku, visikilizio masikioni, akaufungua mdomo kama alivyofungua kila kipindi: "Karibu, karibu sana, ingia ndani, jisikie uko kwenu." Jioni yake Fundi alizikata zile sekunde nne za ziada. Dakika iliyobaki ikawa inazunguka chini ya kila kipindi kwa wiki tatu.

Sauti ya kwanza kupotea ilikuwa ya mwalimu mkuu. Kasuku alikaa mbele ya maikrofoni, akavimbisha mashavu, ikatoka pumzi tupu. Alicheka, akasema amepata mafua. Kesho yake mlinzi akapotea, keshokutwa kikohozi cha mwalimu wa hesabu, na siku ya nne Kasuku hakucheka tena. Mezani nyumbani, akiinama kunywa maji, pumzi yake ilinuka chaki iliyolowa. Mama alisema ni meno.

Kisha ikaja Alhamisi, mchana kweupe, jua likipiga kwenye tundu la bomba, na Kasuku akiwa katikati ya sentensi, "Dada, hivi na wewe unamsikia huyu anaye...", akakatika. Mdomo ulibaki wazi. Humo mdomoni, bila ulimi kutikisika, ukatoka mvumo wa stoo ile ile waliyokaa, na tone la maji kwenye bomba, na kwenye sekunde ya ishirini na tatu mkwaruzo wa dawati, na Fundi akaufahamu kila mlio na mahali pake, alikuwa ameusikia kwa wiki tatu, ni kimya chake mwenyewe kilichokuwa kinatoka ndani ya mdogo wake.

Fundi alipomfikisha nyumbani, Mama hakupiga kelele. Alifunga kanga, akaenda mtaa wa pili kumwita mshonaji mmoja wa makamo, mwanamke ambaye watu walimpelekea nguo mchana na mambo yasiyo na jina jioni. Mshonaji alifika na miwani yake na sindano zikiwa bado kifuani. Alimtazama Kasuku kitambo, akamnusa, kisha akataka asikilizishwe zile sekunde zilizokatwa. Fundi alikuwa hajazifuta.

Sauti ilikuwa ya chini, ya upole, sauti ya mtu mwenye adabu zake. Ilisema, "Hodi."

"Nani alimwitikia?" mshonaji akauliza, karibu kwa kunong'ona.

"Mdogo wangu. Lakini hakujua, mama. Ndivyo anavyofungua kipindi."

"Mbele ya watu wangapi?"

"Shule nzima. Mia nne."

Mshonaji alivua miwani. "Angevunja mlango, mwanangu, ningemtoa leo leo. Huyu kaomba ruhusa, kapewa. Na mmemgawa. Chumba kimoja nakifukiza, masikio ya watu mia nne nitayafukizaje?"

"Kwa hiyo tumwache hivi hivi?" Mama akauliza.

"Anaishi kwenye kimya. Mnyimeni siku saba. Huyu kijana asikae na kimya hata kidogo, huenda jini akachoka akaenda zake. Nasema huenda." Akamgeukia Fundi. "Akikipata, atabisha tena, na safari hii atakubishia wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyemwachia mlango. Usiitikie. Aje na sauti ya nani, usiitikie."

Fundi aliongea. Aliongea tangu alfajiri mpaka koo likawaka, na alipolala aliiacha redio inapiga kelele kwenye mto wa mdogo wake. Alimsomea maandishi ya kwenye pakiti za sabuni, jedwali la kuzidisha, barua za zamani za baba yao. Alimsimulia siku Kasuku alipomwiga daktari kwenye simu, na Mama akanywa dawa siku tatu. Mama naye akiosha vyombo aliimba nyimbo ambazo nusu ya maneno alikwisha yasahau. Siku ya tano Kasuku alikohoa, kikohozi chake mwenyewe. Siku ya sita midomo yake ilitengeneza "da", na Fundi alilia kwa furaha huku anaendelea kusoma pakiti.

Siku ya saba ilikuwa ya mtihani wa shule nzima. Walikubaliana hakuna atakayekwenda. Fundi aliingia bafuni, huku akiimba kwa sauti iliyobaki kama ya chura, alipotoka kitanda kilikuwa kitupu na redio imezimwa.

Alimkuta ukumbini. Alikuwa amekaa kwenye nafasi yake, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, kitu ambacho Kasuku hakuwahi kufanya maishani.

"Mwalimu, naomba nimtoe mdogo wangu, anaumwa," Fundi alimwambia msimamizi mlangoni.

"Mbona kaja mwenyewe, mzima? Kaa."

"Basi nikae karibu naye nimwongeleshe. Kidogo tu, mwalimu. Nakuomba."

"Umwongeleshe kwenye mtihani?" Msimamizi alifunga mlango. "Kaa. Neno moja zaidi nakutoa nje."

Akitolewa nje, mdogo wake angebaki peke yake. Fundi alikaa dawati la nyuma yake. Karatasi ziligawiwa, viti vikatulia, msimamizi akatazama saa, akasema, "Kimya."

Na kimya kikaja, kimya cha watu mia nne waliofunga midomo kwa pamoja, na ndani yake ukaanza ule mvumo, kwanza mgongoni kwa Kasuku, halafu dawati la pembeni, halafu safu ya mbele na safu ya dirishani na kila upande, midomo imefungwa na kalamu zimesimama, harufu ya chaki iliyolowa ikipanda kutoka kwenye nguo zao, tone la maji likidondoka mahali pasipo na bomba, na Fundi akawa anahesabu kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya, ishirini na mbili, ishirini na tatu, na madawati yote ukumbini yakakwaruza sakafu mara moja, na msimamizi akaendelea kutazama saa yake kama mtu ambaye hasikii kitu, hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini, hapo alipokata kwa mkono wake, sitini na moja, sitini na mbili.

Kasuku akageuka.

"Hodi, dada."

Ilikuwa sauti yake. Fundi aliijua kama anavyoujua mkono wake, na alikuwa amekaa siku saba bila kuisikia. Aliyakumbuka maneno ya mshonaji, yote, moja moja. Akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Hodi, dada," ikarudia, safari hii ikitetemeka, kama zamani alipokuwa mdogo, amefungiwa nje na mvua inanyesha.

Viganja vikateremka vyenyewe.

"Karibu," Fundi akasema.

Msimamizi akaandika namba yake kwenye orodha ya waliopiga kelele.

Jioni hiyo Kasuku alirudi nyumbani anaongea. Alimwiga mwalimu mkuu, akamwiga mlinzi, akamwiga mshonaji na sindano zake, na Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamwiga dada yake. Alimpatia kabisa. Fundi alikuwa ameketi pembeni, mdomo umefunguka kidogo, anasikiliza sauti yake ikimwita Mama, na Mama akaitika bila kugeuka.