Diski Haitiwi Mafuta

Bibi yangu ni fundi cherehani. Ana dawa moja kwa maradhi yote ya mashine: mafuta. Cherehani ikilia, matone mawili. Mkasi ukikaza, tone moja. Bawaba za mlango wetu zimelainika mpaka mlango unajifungua wenyewe.

Mimi nashughulika na mashine ya kudarizi. Kila asubuhi nawasha kompyuta, nachagua mchoro, nauweka kwenye flashi. Flashi naichomeka kwenye mashine, na sindano inaanza kuchora kwa uzi. Michoro yote aliitengeneza marehemu mama yangu. Maua, ndege, nembo, herufi za majina. Kazi yake ya miaka kumi na moja ilikuwa ndani ya kompyuta ile. Hatukuwa na nakala mahali pengine.

Jumanne moja kompyuta ilianza kulia. Tik, tik, krrr. Wiki hiyo tulikuwa na mashati arobaini ya wauguzi. Yalitakiwa Ijumaa, yakiwa na nembo mfukoni.

"Mke mwenzangu," Bibi akaniita. Ananitania hivyo tangu nikiwa mdogo. "Nani anasaga meno humo?"

"Kompyuta, Bibi."

"Ina kiu hiyo. Lete mafuta."

Mimi si msemaji. Kabla sijafungua mdomo, Bibi alikuwa amechomoa waya wa umeme na kutoa mfuniko. Ndani aliona kisanduku cha chuma, ukubwa wa kitabu kidogo. Akaanza kukifungua skrubu. Kopo la mafuta lilikuwa mkono wa pili.

"Bibi, subiri." Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya kifaranga.

"Nisubiri nini? Chuma ni chuma."

Nikakumbuka michoro ya mama. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Nilimpokonya Bibi lile kopo, nikakimbia nalo hadi duka la jirani.

Jirani yetu ni fundi wa kompyuta. Mtaa mzima unamwita Dada Bisibisi, kwa sababu hakosi bisibisi moja kwenye nywele. Alinitazama, akalitazama kopo.

"Bibi anatia mafuta wapi tena?"

"Kwenye kompyuta."

Alikuja mbio, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

"Shikamoo, Bibi. Tafadhali, usifungue hicho."

"Marahaba. Kwani kuna nini humu, nyuki?"

"Hiyo ni diski, Bibi. Ndiyo kabati la kompyuta. Kila mnachohifadhi kinakaa humo. Ndani kuna sahani inazunguka kwa kasi sana, na kitu kama sindano kinapita juu yake kuisoma. Hakiigusi. Chembe ya vumbi tu inaweza kuiharibu. Ukitia mafuta, ndiyo buriani."

"Sindano!" Bibi akashtuka. Neno hilo alilielewa. "Imepinda?"

"Diski imechoka. Ikilia hivi, zima kompyuta, usiendelee kuitumia. Tafuta diski mpya, unakili vitu vyako kabla ile ya zamani haijafa."

Kesho yake alileta diski mpya. Mfumo wa kuendeshea kompyuta alikuwa ameshauweka huko dukani kwake. Alihakikisha waya wa umeme umechomolewa, kisha akanigeukia.

"Shika wewe. Ukitazama tu hutajifunza. Ila gusa kwanza bati la kompyuta. Nyinyi mnashinda na vitambaa vya nailoni, vinawaachia umeme mwilini. Ule unaokuchoma kidole ukivua sweta. Ukigusa bati unatoka."

Niligusa. Nilitoa diski ya zamani, nikaweka mpya mahali pake, nikakaza skrubu. Nikachomeka nyaya zake mbili: mpana wa umeme, mwembamba wa kusafirishia mafaili. Diski ya zamani nikaiunganisha pembeni vivyo hivyo.

Mara mteja akamwita Dada Bisibisi dukani.

"Narudi sasa hivi," akasema. "Washa. Kompyuta ikiuliza lolote la kufuta, jibu ni hapana. Na tunanakili, hatuhamishi. Ukinakili, kitu kinabaki pia kule kilikotoka. Ukihamisha, kikipotea njiani umekosa huku na huku."

"Kama karatasi ya kukatia nguo," nikasema. "Tunaizungushia chaki. Hatuikati yenyewe."

"Ehee! Kumbe unajua."

Nikawasha. Kompyuta ilifunguka upesi, kimya. Kisha maneno yakatokea kwenye kioo, na chini yake vitufe viwili.

"Bonyeza ndiyo," Bibi akasema. "Imeuliza kwa adabu, utaikatalia?"

Niliacha shule darasa la tano. Nasoma polepole, neno moja moja, kwa kidole. Watu hunicheka. Siku ile nilisoma hivyo hivyo: "Diski hii haisomeki. Iandaliwe upya? Vyote vilivyomo vitafutwa."

Nikarudia neno la mwisho. "Vi-ta-fu-twa. Bibi, itafuta kazi ya mama!"

Bibi aliondoa mkono mezani kama ameguswa na pasi.

Nikabonyeza hapana. Nikazima, nikachomoa umeme, nikagusa bati. Nikaukagua waya mwembamba wa diski ya zamani. Ulikuwa umekaa upande. Kipande cha uzi mwekundu kilikuwa kimenasa kwenye tundu lake! Nikakitoa kwa kibano, nikachomeka waya mpaka ukakaa sawa. Nikawasha tena.

Safari hii hakukuwa na swali. Ilitokea folda ya mama, na ndani yake maua, ndege na nembo.

"Yupo!" Bibi akapiga vigelegele. Nami, mtu wa sauti ya kifaranga, nikapiga pamoja naye. Dada Bisibisi alitusikia kutoka dukani.

Alipofika, kunakili kulikuwa kumeanza. Tulisubiri bila kugusa kitu. Kisha tukahesabu: michoro 1,216 kwenye diski ya zamani, 1,216 kwenye mpya. "Idadi peke yake haitoshi," akasema. Tukafungua mmoja mmoja, hapa na pale, tuone kama inafunguka. Nakala nyingine tukaiweka kwenye flashi, ikae dukani kwake.

Bibi akaichukua diski ya zamani. "Hii sasa ni takataka."

"Bibi!" nikasema. "Usiache mbachao..."

"...kwa msala upitao," Bibi akamalizia, akaiweka kwenye kopo la vifungo.

Ijumaa mashati arobaini yaliondoka na nembo zake. Dada Bisibisi alinipa diski ya mteja mwingine. "Ifunge wewe," akasema. Niliifunga, kompyuta yake ikawaka.

Jioni ile nilidarizi kitambaa kidogo kwa herufi za mama, nikakifunga kwenye kopo la mafuta. Bibi akasogea, akasoma polepole, kwa kidole, kama mimi:

"SI KWA KOMPYUTA."

Akacheka mpaka machozi. Kisha akaenda kutia tone moja kwenye bawaba.