Njumu za Kaka Juu ya Vidole Vyangu

Njumu za kaka yangu zilitua juu ya vidole vyangu, nikasikia kitu ndani ya mkono kikikatika... kak!

Nilikuwa nimelazwa kifudifudi kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo. Sakafu ilinuka jasho na dawa ya kuchua misuli. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Sema!"

"Niseme nini, kaka?"

"Nani anakutuma?"

"Hakuna mtu, naapa..."

Akanyanyua mguu tena.

Jamani, aliyenikanyaga hakuwa jambazi. Alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, nahodha wa timu, mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Na walionishika miguu walikuwa wachezaji niliowashangilia mpaka sauti inakauka, wakifungwa tano, wakifungwa saba, mvua ikininyeshea peke yangu jukwaani.

Ngoja niwaeleze taratibu. Nikikimbia mtamchukia kaka bure.

Timu yetu ni ya mtaani, na ilikuwa ya mwisho kwenye msimamo wa ligi. Tena si mwisho wa bahati mbaya. Mwisho wa kujituma! Kipa wetu alikuwa fundi bomba. Aliziba mabomba ya mtaa mzima, ila goli lake lilivuja kila wiki.

Kocha naye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo, sauti ikabaki mnong'ono. Akisema "rudini nyuma," hata mchezaji wa akiba aliyekaa ubavuni mwake anauliza, "Unasemaje, kocha?"

Mimi ndiye niliyekuwa mpiga ngoma wa mashabiki. Nina miaka kumi na saba, na hakuna aliyenifundisha. Nikamwambia kocha, "Nipe ishara kwa taulo, mimi nitaigeuza kuwa mapigo."

Nikakaa nyumbani na beseni la mama nimelifunika chini juu, napiga, nafuta, naanza upya, mpaka kila ishara ikawa na pigo lake. Mbili nzito na moja nyepesi: shambulieni kushoto. Nyepesi mbili na moja nzito: kulia. Nzito mfululizo: rudini.

Ikakubali! Tukashinda mechi. Tukashinda nyingine. Kinyozi, mwenyekiti wa mashabiki, alilia mpaka akamkata mteja sikio.

Halafu ghafla mambo yakageuka. Kila tulipocheza nyumbani, wageni walijua tunakokwenda. Tukipeleka kushoto, mabeki wao wote wako kushoto, wanatusubiri kama wenyeji wa sherehe.

Alama zile tulizijua sisi tu. Kocha, wachezaji na mimi.

Ndipo winga wetu akasema, "Mimi nimemwona huyu dogo akishuka kutoka jukwaa la wageni. Zaidi ya mara moja."

Ni kweli nilishuka huko. Mama anauza chai jukwaa la wageni, kwa sababu mashabiki wetu walikuwa wachache kuliko vikombe vyake. Mimi humsaidia kubeba chupa.

"Nilienda kumbebea mama chupa za chai!" nikalia pale sakafuni.

"Usimtaje mama!" Kaka akanitandika kofi lililonigeuza uso ukutani. "Tumebakiza mechi moja. Tukifungwa tunashuka daraja, na timu inavunjwa. Nimeipa timu hii goti langu! Halafu wewe unatuuza?"

Wakanitupa nje kama ndoo ya maji machafu.

Nyumbani nilimwambia mama nimebanwa na mlango. Hospitali wakanifunga plasta mkono wa kulia.

Siku ya mechi ya mwisho, kaka aliniambia maneno machache tu. "Nikikuona upande wetu, navunja na mkono wa pili."

Ngoma wakampa Kinyozi, wakamfundisha na mapigo. Mimi nikavaa kofia, nikaishusha hadi kwenye nyusi, nikakaa mahali pekee palipobaki... jukwaa la wageni.

Kipindi cha kwanza kilikuwa machinjio. Winga wetu alikanyagwa kifundoni. Kipa alipigwa goti la kifua, akatapika, akaendelea. Mbili bila!

Nilikuwa nimeuma meno ndipo nikasikia kitu cha ajabu.

Kinyozi, kule ng'ambo, akapiga mbili nzito na moja nyepesi.

Mbele yangu likasimama jitu moja lenye shingo kama gogo, kikombe cha chai mkononi. Likanguruma:

"Kushotooo!"

Jukwaa zima likaitikia, "Kushotooo!"

Na mabeki wao wakahamia kushoto.

Nikaligusa bega. "Mkubwa, umejuaje?"

"Aa, dogo, huku kila mtu anajua. Mbili nzito, moja nyepesi..." Likanitazama. Likaitazama plasta. Likaning'oa kofia. "We! Si wewe yule mpiga ngoma wao?"

Sikupata muda wa kukanusha.

Ngumi ya kwanza iliondoka na jino. Ya pili ilinikuta nimeshaanguka. Mtu akanipiga teke la mbavu, mwingine akanirushia ubao wa benchi. Nikajiviringisha kwenye ngazi hadi chini, nikajipenyeza chini ya uzio, nikakimbia kukatisha uwanja. Filimbi ya mapumziko ilikuwa imeshalia.

Mashabiki wetu wakaniona natokea kwa maadui.

"Msaliti huyo!"

Jiwe likanipata begani. Kinyozi akanishindilia fimbo ya ngoma kichwani, damu ikaingia jichoni. Sikusimama.

Nilipousukuma mlango wa chumba, kaka alinirukia. Akanikaba koo, akanibandika ukutani, miguu ikaning'inia.

"Nilikwambia nini?"

"Wanai...sikia ngoma," nikakoroma.

Vidole vyake vikalegea kidogo.

"Jukwaa lote linajua mapigo yetu, kaka. Wanawapigia kelele mabeki wao. Kipindi cha pili nipeni ngoma. Nikipiga kushoto, nendeni kulia. Nikipiga rudini, shambulieni."

"Kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini. Jaribu."

Nikateleza ukutani hadi sakafuni. Nikaweka mkono wangu mzima, wa kushoto, mbele ya njumu zake, vidole nimevikunjua.

"Nikikudanganya, hivi hapa vingine."

Kaka aliitazama plasta, akatazama mguu wake mwenyewe.

Kocha akanong'ona kitu.

"Unasemaje, kocha?" wakauliza wote.

"Nimesema... jaribuni!"

Nikarudi jukwaani. Kinyozi alinipa ngoma huku akinitazama kama mwizi wa kuku. Nikapiga kwa mkono wa kushoto, mbili nzito, moja nyepesi.

"Kushotooo!" wakanguruma wageni.

Mabeki wao wakamiminika kushoto. Timu yetu ikapeleka kulia. Winga akajikuta peke yake, yaani peke yake mpaka akaogopa, akamgeukia mshika kibendera kumuuliza kama mechi bado inaendelea. Akafunga!

Nikapiga nzito mfululizo. Wageni wakapumua, wakajua tunarudi. Tukawashukia wote kumi. Mbili kwa mbili!

Hapo wakaanza kucheza miili badala ya mpira. Beki wao alimpiga kaka kiwiko cha mdomo. Kaka akatema damu, akajifuta kwa jezi, akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama bila hasira tangu siku ile.

Nikapiga kulia. Krosi ikatoka kushoto. Kaka akaruka na kile kinywa chake kilichopasuka, akaupiga kwa kichwa.

Tatu kwa mbili! Filimbi ya mwisho!

Uzio ukalala. Wageni walivunja mbao za mabenchi wakaingia nazo uwanjani. Mwamuzi alikimbia akiwa amebaki na kiatu kimoja. Fundi bomba alikuwa anapigana na watu watatu, na siku hiyo hakuna kilichovuja.

Lile jitu likanifuata mimi. Likanyanyua ngoma yangu juu, likanishushia kichwani. Ngozi ikapasuka... nikabaki nimeivaa kama fulana, mikono imebanwa ubavuni.

"Unatudanganya na mapigo, eeh?"

Likavuta ngumi nyuma. Nikafumba macho.

Ngumi niliyoisikia haikunigusa. Kaka alikuwa ameivamia ile shingo kwa nyuma.

"Huyo ni mdogo wangu! Mdogo wangu huyo!"

Wakaanguka pamoja. Jitu likampanda juu, likaanza kumponda uso. Na mimi nimo ndani ya ngoma, siwezi hata kunyoosha kidole!

Mara... ngo! Chupa ya chai ilitua kisogoni mwa jitu.

Mama!

"Waache wanangu, mwanaharamu mkubwa wewe!"

Jitu likageuka na ngumi juu. Likamwona. Ngumi ikashuka yenyewe.

"Mama Chai? Hawa ni wanao?"

"Wa kwangu wote!"

"Huyu wa ngoma ndiye yule unayetusimulia kila ukitumiminia chai? Eti akipiga mbili nzito na moja nyepesi, timu nzima inakwenda kushoto?"

Waliokuwa wanapigana karibu yetu wakaacha. Mtu alikuwa ameshika kola ya mwenzake, akasahau kuiachia.

Mama alitutazama mmoja mmoja.

"Kwani kuna ubaya? Mwanangu amejifunza mwenyewe, kwenye beseni langu, anapiga huku anataja kushoto, kulia, nasikia kila siku nikiwa naosha vyombo. Nilikuwa namsifia tu. Wateja wangu wote nawaambia!"

Kaka alikaa kwenye nyasi. Uso wote damu. Akaishika plasta yangu kwa mikono miwili, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Kumbe hata mlango haukumbana," mama akasema polepole. Alikuwa anazitazama njumu za kaka.



Ndugu zangu, timu haikuvunjwa. Mama sasa anauza chai upande wetu, na alama mpya nazifanyia mazoezi kwa jirani. Kidole changu kimoja hakikunyooka tena.

Ninachowaomba ni hiki. Kabla hujamkanyaga mtu kwa sababu siri imevuja, kaa chini, uliza, sikiliza jibu hadi mwisho. Mimi nilijibu ukweli siku ile, na jina la mama lilikuwa ndani ya jibu langu. Kofi ndilo lililolikatisha. Wakati mwingine hakuna adui aliyekuuza. Kuna mtu anayekupenda, na kunyamaza kumemshinda.

Mkono huu haufungi tena kamba za viatu vizuri. Kwa hiyo kila siku ya mechi, kabla hajavaa njumu zake, kaka hupiga goti mbele yangu na kunifungia.

Na mimi simharakishi.