Aliyechukua Kitabu cha Mitaro

Ijumaa, muda mfupi kabla ya saa moja asubuhi, Mama Mchwa alibonyeza redio ndogo iliyokaa juu ya kabati la vyombo. Akasubiri. Akabonyeza tena. Kimya. Akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ncha ya kisu, na pale ilipokuwa memori kadi palikuwa patupu.

Hakupiga kelele. Alijikalisha sakafuni na mtoto mgongoni, akaita kwa sauti ndogo, "Wifi, njoo uone. Nimeibiwa."

Wifi yake alikuwa likizo. Kazini alikuwa mpelelezi wa polisi, na mtaa mzima ulimwita Afande, hata wale waliomjua tangu akitambaa. Alikuwa ameapa kwamba wiki ile hatamhoji mtu yeyote, labda muuza nyanya. Lakini alipouona uso wa mke wa kaka yake, aliweka kikombe cha chai chini.

"Usiguse kitu kingine. Nieleze tangu mwanzo."

Mwanzo wake ulikuwa mrefu. Mchana Mama Mchwa alishona mapazia, jioni alisoma mipango miji katika chuo cha nyuma ya soko, na mtihani ulikuwa Jumatatu. Kitabu cha kushika mkononi hakikumfaa. Mikono ilikuwa na pazia, au na mtoto, au na sufuria. Alihitaji kitabu cha sauti. Kila aliyemuuliza alimwelekeza kwenye lile duka moja kubwa la mtandaoni, kama vile hakuna pengine duniani. Akaingia. Kulikuwa na mapenzi, mauaji na namna ya kupunguza tumbo. Vya mipango miji vilikuwa vitatu, vyote kwa lugha za watu, na simu yake kuukuu ilikataa katakata kuvifungua. Akaulizia wachapishaji. Akaulizia maktaba ya chuo. Mwisho akaangukia maktaba ya chama cha wasioona, ambako watu wa kujitolea husoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi. Hapo ndipo alipokipata, kwa Kiswahili, chenye mambo ya mitaro na barabara, kimesomwa na mzee mmoja mwenye kikohozi anayefunua kurasa taratibu kama anayeogopa kuziamsha.

"Nakala iliyobaki ni hiyo moja," alisema Mama Mchwa. "Na haikuwa zamu yangu, wifi. Ilikuwa ya mwanafunzi mwenzangu, yule asiyeona. Akanipisha kwenye foleni kwa sababu nina mtoto. Akasema yeye atasikiliza Jumamosi na Jumapili. Natakiwa nirudishe leo kabla ya saa kumi na moja jioni. Nisiporudisha, Jumatatu anaingia kwenye mtihani mikono mitupu."

Afande aliuliza ni lini aliisikia mara ya mwisho. Jana asubuhi. Mchana alikuwa kwenye mapazia, jioni chuoni, usiku alilala kama gogo. Kwa hiyo kitu kilitoka kati ya jana asubuhi na jana usiku.

Ndipo Mama Mchwa akasema lile aliloliogopa zaidi. Mtoto wao aliitwa Mchwa kwa sababu alitafuna kila kitu: kandambili, rimoti, na mara moja pembe ya kitambulisho cha baba yake. "Na kama ameimeza?"

Afande aliichukua redio, akaikagua. Kifuniko kilikuwa kimefungwa vizuri, mpaka kile kilimi chake kimeingia mahali pake. "Ulikikuta hivi?"

"Hivyo hivyo. Ndiyo maana nikatumia kisu."

"Mchwa ana miezi kumi. Anaweza kuvunja. Kufunga baada ya kuharibu bado hajajifunza. Hata baba yake hajajifunza."

Mama Mchwa alicheka huku machozi yakimtoka, akambusu mtoto kisogoni. Afande hakucheka sana, maana vidole vyake vilikuwa vinateleza. Ubavuni mwa redio kulikuwa na alama ya mafuta. Aliinusa. Hayakuwa ya kupikia. Yalinukia vizuri, kama nazi iliyotiwa manukato.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa kaka yake mwenyewe, mwoka mikate. Alimpigia simu akiwa kwenye tanuri.

"Kaka, memori ya mkeo iko wapi?"

"Ya yule bwana anayekohoa? Sijui na sitaki kujua. Mwezi mzima nalala na mwanamume mwingine chumbani, ananieleza upana wa barabara."

"Uliwahi kuificha redio?"

"Mara moja. Chini ya mto. Ikaendelea kuongea." Akaongeza kwa sauti nyingine kwamba jana alikuwa kwenye tanuri tangu mchana, na bosi wake alikuwa amesimama naye wakigombania unga. "Na muulize mke wangu kama nimewahi kutaka afeli. Nataka afaulu, nipate usingizi."

Afande alimwamini. Tena kaka yake alikuwa na upara tangu ujana; mafuta ya nywele angeyapeleka wapi?

Saa nne alikuwa kwa fundi simu, kibanda cha mkabala, mtu ambaye alijaza nyimbo kwenye memori za watu na alikuwa na kopo zima la memori zisizo na wenyewe. Afande hakuzunguka. Alimwambia azichomeke zote, moja baada ya nyingine. Ikapita taarabu, mahubiri, vichekesho, harusi ya mtu. Hakuna kikohozi.

"Afande, nikuulize na mimi," fundi alisema, akipangusa bisibisi. "Kitabu cha mitaro nikiiba, nimuuzie nani?"

Swali lilimkaa Afande kichwani njia nzima ya kurudi. Ni kweli. Kitu kile hakikuwa na thamani kwa mtu yeyote ila anayetaka kukisikiliza. Alikuwa anamtafuta mwizi, kumbe alipaswa kumtafuta msikilizaji.

Mchana walikula watatu: yeye, Mama Mchwa ambaye hakula, na mwenye nyumba, mama mzazi wa Afande na kaka yake, ambaye mtaa ulimwita Bibi Mchwa. Bibi Mchwa alikuwa amesuka nywele jana, mistari myembamba inayong'aa, na bintiye alimsifia kwamba amepungua miaka kumi. Mama alishukuru bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. Kwa kawaida sifa za namna hiyo alizipokea kwa mbwembwe. Afande aliona, akadhani ni joto.

Mazungumzo yakahamia nje, kwenye alama nyekundu ambazo watu wa manispaa walipaka wiki iliyopita kwenye kuta za nyumba zote za upande wao, ili barabara ipanuliwe. Kesho kulikuwa na mkutano na ofisa wao. Mama akasema hata huyo ofisa mwenyewe ni walewale. Si ndiye aliyeruhusu ukuta wa jirani, ukajengwa bila kuyauliza maji yanataka kwenda wapi? Akanyanyuka, akajifunga kitambaa kichwani, akasema anatoka kidogo.

Mama Mchwa alikuwa ameegemea ukuta, macho kafumba, anajikumbusha alichoweza. "Sura ya tatu, msongamano. Sura ya nne, mifereji. Kabla hujachora mtaa, yaulize maji yanataka kwenda wapi. Sura ya tano..."

"Rudia," Afande alisema.

"Sura ya tano?"

"Hiyo ya maji."

Akarudia. Afande aliangalia kiti cha mama yake kilichobaki kitupu, na pale kichwa chake kilipokuwa kimeegemea ukuta: doa dogo la mafuta, bado bichi. Hakuhitaji hata kulinusa, lakini alilinusa.

Asubuhi nzima alikuwa amemhoji kaka, fundi, hata mtoto asiyesema. Mtu mmoja tu ndani ya nyumba hakuwahi kumuuliza chochote.

Saa tisa na nusu walisimama nje ya saluni ya msusi aliyemsuka mama jana, kona ya pili. Redio kubwa ilikuwa juu kabisa, na kutoka ndani ilisikika sauti ya mzee akikohoa, kisha ukurasa ukifunuliwa taratibu. Mama Mchwa alishika mkono wa wifi yake, akaubana.

Ndani walijaa wanawake. Mmoja alikuwa amesukwa nusu kichwa, msusi kasimama na chanuo hewani, hakuna anayesuka. Wote waliikodolea macho redio. Bibi Mchwa alikuwa kiti cha mbele.

Afande alizima redio. Minong'ono ikapanda. "Mama," alisema, "jana mchana uliichukua redio ndogo ukaja nayo hapa kusuka. Sauti ikawa haiwatoshi, msusi akahamishia memori kwenye redio yake. Ukarudisha redio tupu, mikono yako ina mafuta. Nimekosea wapi?"

Mama alinyoosha mgongo. "Hujakosea. Nilidhani leo asubuhi nitaichukua, nikakuta pamefungwa. Kurudi, wewe umeshafungua kituo cha polisi jikoni kwangu."

"Kwa nini hukusema tu?"

Mama alimgeukia mkwewe, na sauti ikashuka. "Mimi ndiye niliyesema unapoteza jioni zako kusomea mitaro. Nimesema mbele ya watu, na nimesema zaidi ya mara moja. Halafu usiku nasikia kupitia ukutani. Mwanzo nilichukia. Halafu ikazimwa siku moja katikati, nikakosa usingizi, nataka kujua inaishaje. Ile sura inayosema wenye nyumba lazima wasikilizwe kabla ya kuvunjiwa, na wana haki ya kuonyeshwa ramani. Humu nusu yetu hatusomi barua za manispaa. Nikasema wasikie wenyewe kabla ya kesho. Lakini kukuomba wewe, baada ya maneno yote yale..." Akafuta goti ambalo halikuwa na vumbi. "Ulimi ulikuwa mzito, mwanangu."

Mama Mchwa alikuwa amebana midomo. Afande, aliyezoea kusubiri watu waamue kulia au kugombana, alisubiri.

"Mama, mmefika sura ya ngapi?"

"Ya tisa. Ndiyo kwanza imeanza."

"Ya tisa ndiyo yenyewe. Fidia na pingamizi." Akachomoa memori, na saluni nzima ikaguna kama umeme umekatika. "Hii naipeleka, kuna mtu anaisubiri. Sura ya tisa ninayo kichwani. Nikirudi nitawaeleza, msusi asifunge."

"Nifunge niende wapi," msusi akasema, "na kichwa cha mtu kiko nusu?"

Walifika maktaba ya chama robo saa kabla ya kufungwa, wifi wawili na mama mkwe aliyekataa kubaki. Mwanafunzi asiyeona alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, fimbo imekunjwa mapajani. Alipoisikia sauti ya Mama Mchwa alitabasamu. Alisema alijua tu atakuja, ila alianza kuhesabu magari yanayopita, na hiyo kwake ni dalili mbaya.

Mtunza maktaba, naye asiyeona, aliipokea kadi kwa ncha za vidole. Akaileta puani.

"Imesikilizwa na nani hii?"

"Na saluni," alisema Bibi Mchwa, kwa sauti ya mtu aliyeamua kukiri yote kwa pamoja. "Watu kumi na wanne."

Mtunza maktaba alicheka mpaka akashika meza. Alisema yule mzee wa kikohozi kila mwezi huuliza kama kuna mtu yeyote amewahi kumsikiliza. Leo atampigia simu.

Wakati wa kurudi Mama Mchwa alitembea mbele akiwa anajisomea sura ya tisa kwa sauti, Mchwa mgongoni akimtafuna ukosi, na mama mkwe sambamba naye akimkatiza kwa maswali. Afande alibaki nyuma kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze mabega yalikuwa yamemshuka.

"Mama," aliita. "Na ningekuuliza asubuhi?"

Mama yake hakugeuka. "Ningekwambia. Lakini wewe ulikuwa unatafuta mwizi, ukanipita mimi nimekaa hapo hapo nakumenyea viazi."