Vifungo vya Mzee Mussa

Umepita. Usiniambie hukupita. Umepita pale mtaani Troyeville asubuhi moja, ukanunua vitumbua kwa Bi Biubwa, ukamwona mzee anayekaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, glovu mikononi na jua linawaka, ukageuza macho upesi kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake. Na mkono ule wenye glovu ulipokuletea chenji, ukaomba iwekwe mezani. Nimeona. Mmefanya hivyo wengi, na mimi si msahaulifu.

Mzee huyo anaitwa Mussa. Alizaliwa Soweto na jina jingine. La Mussa alilipata Tanga, pamoja na mke, huyo Bi Biubwa, na Kiswahili, miaka ile alipokuwa mpiganaji wa ukombozi uhamishoni. Nchi ilipokuwa huru alirudi, akavalishwa sare ya jeshi, akapangiwa kazi katika ghala moja la magari. Humo mlikuwa na mapipa ya dawa kali ya kuondoa rangi na grisi. Wakubwa waliokuja kukagua walivaa barakoa na buti za mpira. Mussa na wenzake walipewa matambara. Walichovya mikono hadi viwikoni, mwaka baada ya mwaka, na ngozi ilipoanza kuchubuka waliambiwa wapunguze kujikuna.

Sasa ngozi ya mikono, shingo na mgongo wake ni ngumu, inapasuka kama tope lililokauka, inatoa damu. Haiambukizi. Narudia kwa ajili yako uliyetaka chenji iwekwe mezani: haiambukizi.

Mjukuu wake Chiku, msichana wa gredi ya sita, ndiye aliyemtengeneza kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Bibi akikaanga vitumbua, yeye alipasha moto mafuta ya nazi, akampaka babu yake polepole mpaka ngozi ikang'aa na mipasuko ikajifumba. Kisha akamvisha shati na kulifunga vifungo kimoja kimoja, maana vidole vya Babu vilikuwa havikunjiki. Mwisho glovu.

"Mtu haendi mbele za watu na aibu yake," Bi Biubwa alizoea kusema. Ndivyo alivyolelewa kwao Tanga. Njaa yako, ugonjwa wako, ugomvi wa nyumbani kwako, vyote hufunikwa. Ukiulizwa hali, ni salama.

Mzee Mussa alikuwa ameomba mafao ya ulemavu ya wapiganaji wa zamani. Hayo ndiyo yangemfikisha kwa daktari bingwa wa ngozi na kumpatia dawa za kudumu. Nesi wa zahanati alikwishaonya kwamba bila tiba hiyo vidole vitakakamaa kabisa. Alikwenda ofisi ya mafao, Marshalltown, akakataliwa. Akarudi, akakataliwa tena. Kila safari Bibi alizidisha mafuta na kufukiza suti kwa udi. Daktari wa ofisi alimtazama kutoka upande wa pili wa meza, hakumgusa, akamuuliza hali. Mzee alisimama wima kiaskari akajibu kwamba hajambo. Daktari akaandika kwamba hajambo. Ikabaki rufaa ya mwisho. Baada ya hapo mlango unafungwa.

Wiki ya rufaa, Chiku alikuwa akirudi kutoka shule na rafiki yake Héritière, mtoto wa fundi cherehani kutoka Bukavu. Walisimama kwenye robot, taa za barabarani, wakingoja ile ya kijani.

"Chiku, ule mzee wenu anavalaka glovu kila siku," Héritière alisema. "Anaendaka kuiba benki?"

Chiku alicheka, kisha akatoa jibu alilofundishwa: Babu ana baridi ya mifupa.

"Mwezi uliopita ulisema ni mzio wa vumbi. Chagua moja."

Labda Chiku alikuwa amechoka kudanganya. Alimweleza yote palepale: mapipa, mafuta ya nazi, daktari asiyegusa. Walizungumza mpaka wakaikosa taa ya kijani.

"Eish," Héritière alisema. "Mama anasemaka, mutu akileta nguo ya kupasuka, asiikunje akaficha fasi ya tundu. Fundi atashona wapi?"

Maneno hayo yalimganda Chiku hadi siku yenyewe. Mwalimu alimruhusu amsindikize babu yake, kwa kuwa Bibi hakuweza kuacha biashara. Asubuhi hiyo Bibi alichukua kopo la mafuta mwenyewe. Chiku alipojaribu kusema leo wasimpake, alikatwa kauli.

"Mtoto hamvui nguo mzee wake," Bibi alisema. Babu alicheka, akasema aachwe anukie vizuri, huenda daktari akampenda.

Daktari alikuwa yuleyule, na meza ileile. Aliuliza hali, akajibiwa salama. Alitaka kuona mikono. Chiku alizivua glovu, na mikono ikameremeta chini ya taa kama ya bwana harusi. Daktari hakuinuka. Alikwisha kushika kalamu alipouliza kama mzee anaweza kujivisha mwenyewe.

"Naweza," Babu alisema. "Mimi ni askari."

Chiku alisogea mbele ya meza. Kwao mtoto hampingi mkubwa, sembuse mbele ya wageni.

"Nisamehe, Babu," alisema. "Vifungo hivyo nimevifunga mimi. Kila siku navifunga mimi."

Babu hakumtazama. Daktari alikunja uso, akasema kwamba watoto hawana ruhusa ya kusema humo.

"Basi usinisikilize, daktari. Mpe maji na sabuni anawe, halafu umtazame karibu. Hayo unayoyaona ni mafuta tu."

Daktari alikuwa akitafuta namna ya kukataa, lakini Mzee Mussa alikwishasimama. Alikwenda kwenye sinki lililokuwa pembeni, akanawa kwa ile sabuni kali ya ofisi mpaka mafuta yote yakatoka. Hewa kavu ya Agosti ilimaliza kazi. Ngozi iligeuka rangi ya majivu, na alipojaribu kukunja ngumi ikapasuka kwenye maungo ya vidole. Damu ikadondoka kwenye sinki jeupe. Kisha, bila kuambiwa, akajaribu kufungua kifungo cha shati lake. Chumba kizima kilisikia anavyohema. Kifungo hakikusogea.

Ndipo daktari akazunguka meza, akaushika mkono ule.

Mafao yalipitishwa. Usipige makofi. Kwa nini mtu avuje damu kwenye sinki ndipo aaminiwe? Nani aliwakataza kuzunguka meza siku ya kwanza? Kosa la Bi Biubwa lilitokana na mapenzi. Kosa la ofisi ile sijalipatia jina ninaloweza kuliandika katika kitabu cha watoto.

Nyumbani, Bibi aliposikia yote alisahau jiko, vitumbua vikaungua. Chiku alisubiri kukaripiwa.

"Nilidhani namsitiri mume wangu," Bibi alisema mwishowe. "Kumbe nawasitiri waliomuumiza." Akamvuta Chiku karibu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Heshima ya mzee haipungui kwa kusema kweli juu ya maumivu yake. Mgonjwa akificha, hata anayetaka kumsaidia hana pa kuanzia. Umenifunza, na wewe usije ukasahau."

"Na wateja wakiona mikono yangu?" Babu aliuliza.

"Watakaokimbia wakanunue mkate duka la spaza."

Wengine walikimbia kweli. Mzee Mussa sasa anakaa bila glovu, dawa ya daktari bingwa ikiwa imepakwa, na amevaa shati lisilo na kifungo hata kimoja aliloshonewa na mama yake Héritière.

Lakini wenzake wa ghala lile bado wapo. Wamekaa nyuma ya mapazia, wanasema hawajambo. Huenda mmoja yuko mtaani kwenu, na umempita leo. Sitaki huruma yako. Funga kitabu hiki, mtafute mkubwa wako, mwende wote kwa mzee huyo. Mshikeni mkono, mumsindikize ofisini, na msiondoke mpaka wazunguke meza. Na chenji, ipokee mkononi mwa Mzee Mussa. Leo.