Bei ya Jasho la Antoine

Mgeni aliingia uani bila kupiga hodi, kwa sababu mvua ilikuwa inamfukuza. Alikuwa mwanamke mwenye kikapu kikubwa kichwani. Kikapu kilifunikwa vizuri kwa nailoni. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chepechepe.

"Munisamehe. Naitwa Clémence, natoka Tchomia. Pikipiki yenye ilinileta imekufa pa njia. Mvua ikipita, nitaenda."

"Ingia, mama, ingia," alisema Micheline. "Baridi itakuua bure."

Antoine, mume wa Micheline, hakusikia vizuri. Alikuwa anazunguka ndani ya nyumba yao ndogo ya kupanga, hapa Saio, mtaa mmoja wa Bunia. Aligusa gunia la kwanza. Aligusa la pili. Akarudi tena kwenye la kwanza. Yote mawili yalikuwa ya unga wa muhogo, na unyevu ulikuwa umeanza kuingia.

Wiki ile malori yalileta unga wa mahindi mwingi sokoni. Bei ya muhogo ikaanguka. Wauzaji wengine walishusha bei, lakini Antoine alikataa. Sasa mvua za kupanda zimefika, na wenye mashamba pembeni ya mji wanataka malipo ya kukodi. Magunia yale yakiharibika, Antoine na Micheline hawatalima msimu huu.

Clémence alitazama magunia. "Hii bunga ya muhogo munauzisha?"

"Tunauzisha," alisema Micheline, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "lakini Papa Ketsia anakatala kushusha bei."

"Kwetu pa ziwa bunga imekosekana kabisa. Munipe gunia moja, nawaachia hii kikapu yote ya samaki."

Antoine alicheka kwa hasira. "Samaki! Weye unavua usiku moja, unakausha na moshi, basi. Mie nililima. Nilingoja mwaka muzima. Nikavuna, nikaloweka, nikaanika, nikatwanga. Jasho yangu yote iko ndani ya hii gunia!"

"Papa, sikulazimishi," alisema Clémence. "Lakini hiyo jasho yako itaota ukungu. Nasikia harufu yake tayari."

Micheline aliziba mdomo ili asicheke. Upande wa pili wa ukuta wa miti mtu mwingine alicheka bila kujificha. Alikuwa jirani yao, Madamu Solange, mwalimu wa historia ya uchumi. Alikuwa anakinga maji ya mvua, na maneno yote yalimfikia. Alizunguka ukuta akaingia, ndoo mkononi.

"Papa Ketsia, hiyo hesabu ulijifunzia wapi?"

"Kwetu Djugu. Ukinilimia siku moja, na mie nakulimia siku moja. Jasho kwa jasho. Hakuna mwenye aliibiwa."

"Ni hesabu ya heshima. Hata wataalamu wakubwa wa zamani, kule Ulaya, walisema karibu vile. Walisema kitu kinapimwa kwa kazi yenye iliingia ndani."

Antoine alimgeukia Clémence. "Unasikia?"

"Ngoja," alisema Solange. "Ndugu yako Dady alichimba dhahabu msimu muzima. Alipata nini?"

"Matope," alijibu Micheline. "Na malaria."

"Nani alimulipa ile jasho?"

Antoine aligusa tena gunia la kwanza.

"Wataalamu wengine walikuja nyuma, wakauliza vile vile. Wakasema, usiangalie tu kazi yenye ilipita. Angalia nani anahitaji hicho kitu, na kama iko nacho mingi tayari. Hapa Bunia, watu wamechoka kuona bunga. Kule Tchomia, ni chakula ya leo jioni. Na gunia ni ile ile."

"Basi jasho yangu ni bure?" Sauti ya Antoine ilikuwa ndogo.

"Si bure, ndugu yangu. Jasho inakuonyesha kama hii kazi inafaa. Kama kila msimu bei haitoshi kulipa jasho, ulime kitu ingine. Lakini jasho haiwezi kulazimisha mutu anunue."

Antoine alitoka kwenye mvua. Alirudi, akatoka tena. Aliporudi mara hii, alimtazama mgeni.

"Gunia moja kwa kikapu moja. Na hii ya pili?"

"Unichungie, usiuzishe. Siku ya posho, hii Jumamosi, nitaleta kikapu ingine."

"Nitakuchungia," alisema Antoine. Wakashikana mikono.

Micheline aliuza samaki kando ya barabara, na wakaisha haraka. Alipata malipo ya kukodi nusu ya shamba.

Lakini mvua haikuacha. Barabara ziliharibika, malori yakakwama. Ijumaa hapakuwa na unga sokoni. Jérôme, mwenye mgahawa, alikuja mbio.

"Papa Antoine, nipe hiyo gunia! Nakulipa mara mbili ya bei yako ya zamani!"

Malipo yale yangetosha nusu ya pili ya shamba, pamoja na mbegu. Micheline alimtazama mumewe. Antoine alikwenda ukutani.

"Madamu! Si ulisema niangalie nani anahitaji? Sasa huyu anahitaji!"

"Nilisema," alijibu Solange. "Bei ikipanda, uzisha bunga yako kwa bei ya leo. Lakini hii bunga ingali yako?"

Antoine alimrudia Jérôme.

"Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi? Njia imekufa! Hatafika!"

Jumamosi, saa sita, Clémence hakuwa amefika. Jérôme alipita tena, akaongeza bei. Antoine alikaa juu ya gunia.

Jioni pikipiki moja iliingia uani, dereva wake akiikokota kwa miguu. Clémence alitembea nyuma yake, akiisukuma, matope mpaka magotini. Kikapu kilikuwa kichwani.

"Nimesikia bei pa soko," alisema, akihema. "Nilijua sitakuta kitu."

Antoine aliinuka. Alibeba gunia mwenyewe, akalifunga nyuma ya pikipiki, akakaza kamba.

"Gunia moja kwa kikapu moja," alisema. "Vile tulisema."

Jumatatu waliingia shambani na majembe yao. Pesa za kikapu cha pili ziliishia kwenye mbegu na chakula, basi walilima nusu tu.