Kisima Chini ya Studio

Yote yalianza kwa pumzi. Kamanthe alikuwa akisoma habari za saa saba mchana aliposikia, ndani ya hedifoni, mtu akihema kama aliyetoka kuchota maji mbali.

"Maundu, uko na nani huko?" alimnong'oneza fundi mitambo wimbo ulipoanza.

"Niko peke yangu." Uso ulikuwa umemparara. "Kumbe hata wewe umesikia?"

Mwaka ule wa 1998 redio ya umma ilikuwa imehamia jengo jipya katikati ya mji wa Machakos, na vioo na mazulia yake vilimeza akiba yote ya kituo. Meneja Githinji hakutaka kusikia habari za pumzi.

Ikafuata harufu ya tope, kisha ya damu. Mchana mmoja Maundu akafungua ukuta akague nyaya, na kilichokuwamo kikamdaka mkono, kikauvuta hadi bega likang'oka, kikavuta tena, na Kamanthe akamkumbatia miguu akimlilia Mungu, Ngai, Ngai, huku akisikia mifupa ikivunjika kama kuni kavu, mpaka kichwa cha Maundu kikapasua kioo, damu ikatapakaa kila mahali na mwili ukalegea mikononi mwake.

Polisi walisema ni umeme. Kamanthe akamwita Mzee Abdisamad, mfanyabiashara wa mbuzi aliyejulikana mjini kwa kusomea wenye majini.

"Hapa palikuwa na kisima," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Kilikuwa na mwenyewe. Mmemfungia nje ya kwake kwa simiti, mama. Vunjeni sakafu."

"Sakafu mpya?" Githinji akafoka. "Waziri anakuja kufungua jengo Ijumaa!"

"Maundu amekufa, bosi," Kamanthe akasema, akachukua nyundo ya mafundi.

Alipiga, mzee akisoma Kurani kwa sauti, viti vikiruka na vioo vikipasuka, kitu kikimng'oa nywele na ngozi yake, Githinji akipiga mayowe sikio lake likining'inia, naye Kamanthe akazidi kupiga hata damu ilipomwingia machoni, mpaka zege likadidimia. Upepo wa baridi ukachomoka ukutani, ukatumbukia shimoni ukilia kama fahali anayechinjwa.

Kukawa kimya.

Kituo kilirudi kwenye vyumba vyake vya zamani. Kamanthe, kichwa kikiwa bado na bandeji, ndiye aliyesoma tangazo la kifo cha Maundu. Alitaja mjane, akataja watoto, akasema mazishi yatafanyika nyumbani Muthetheni. Akazima maikrofoni, ndipo akalia.