Karo la Chumba cha Giza

Picha ya tatu nayo ilitoka na vidoa vyeusi, kama mtu kainyunyizia pilipili manga, na vyote vilikuwa kwenye shavu moja la Zeyana.

Bashira alijifunzia kwa picha ya bintiye huyo wa miaka saba, maana mtoto wako hata ukimharibu kwenye karatasi haji kulalamika. Hoteli moja ya Shangani ilitaka picha za mtindo wa lithi, zile za rangi ya udongo na weusi mzito. Chumba cha giza kilikuwa chini ya nyumba yake ya Kiponda, chenye taa nyekundu na karo la jiwe. Wiki nzima hajapata hata moja ya kuonyesha.

Alimpigia simu ami yake, Darwesh, aliyesafisha picha miaka mingi huko Amani.

"Shikamoo ami. Nnangoja dakika ishirini haitoki kitu, halafu ikitoka ina madoa."

"Marahaba. Dawa yako baridi. Ipashe moto. Na usiiache, kwenye lithi weusi huzaa weusi. Ukiona kivuli kinakimbia, ichomoe hapo hapo. Ukipiga chafya tu, imekwenda."

"Nna wali jikoni, nna nguo kwenye maji, na chafya nazo nizizuie."

"Ndo kazi yenyewe, mwanangu."

Akaipasha. Picha ikaja vizuri, kisha weusi ukaruka na kuimeza karatasi nzima kabla koleo halijafika. Bashira akasonya, akanyanyua beseni, akamwaga dawa yote, na moto wake, kwenye tundu la karo.

Hakusema bismillahi. Jana tu alimgombeza Zeyana kwa kosa hilo hilo: ukimwaga kitu cha moto, taja jina la Mungu kwanza, wapishe majini walio chini na watoto wao.

Tunduni kitu kikalia. Kililia kama mtoto mchanga anayeitafuta pumzi asiipate, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda.

Bomba bovu, alijiambia, akachanganya dawa nyingine. Picha iliyofuata haikuwa na doa hata moja. Lakini nyuma ya Zeyana, palipokuwa na ukuta mtupu, palisimama mwanamke aliyepakata kitu kilichoviringishwa kwenye kanga. Akatoa nyingine, na mwanamke alikuwa amesogea. Kwenye ya tatu mkono wake ulikuwa umeshika bega la mtoto, na hapo hapo, kutoka juu, Zeyana akaanza kulia.

"Mama, bega linaniunguza."

Bashira alipomvua gauni aliona malengelenge matano, yamepangika kama vidole.

Bi Sichana, mganga wa Makunduchi aliyeitwa kwa simu, alifika alasiri akiziba pua kwa mtandio. "Nnaumwa pumu mie, harufu hii itaniua kabla ya hao wenu." Akamtazama mtoto anayechemka kwa homa, akashusha sauti. "Ulimwaga kitu?"

"Nlimwaga."

"Ulisema?"

Zeyana ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mwanamke mzima: "Mwanangu kaungua, hana uso tena. Nnataka wa huyu."

"Atachukua uso wa nyama," Bi Sichana alinong'ona, "au umpe wa karatasi. Chagua upesi."

Wakamshusha mtoto chumba cha giza, wakamlaza kwenye jamvi, na Bashira akaitia karatasi kwenye dawa, akaisubiri sura ya mwanawe ipande, nyusi, pua, kidevu, mpaka kivuli kilipoanza kukimbia kutoka sikioni kwenda shavuni na mkono wake ukaruka wenyewe kuichomoa, Bi Sichana akaukamata, akaubana, na mama akasimama hivyo, akiuangalia weusi ukila jicho moja, ukala la pili, ukala mdomo, huku nyuma yake pumzi ya Zeyana ikizidi kuwa fupi, fupi, hata pasibaki usoni pa karatasi ile mahali hata pa kuweka ncha ya sindano.

Tunduni maji yakanywewa mara moja, kama mtu aliyemeza. Zeyana akaomba chai, na Bi Sichana akaaga kwa onyo moja: mkiitwa kutoka chini, msiitikie.

Siku ya tatu mchana, bega limeshakauka, walikuwa jikoni juu. Bashira alikuwa anachambua mchele, na Zeyana amekaa miguuni pake anakula embe.

"Mama," sauti ya Zeyana ikaita kutoka chini.

Zeyana akaacha kutafuna. Akainua uso wake mzima, wenye embe mashavuni, akamtazama mama yake na kutikisa kichwa polepole.

Lakini Bashira alikuwa amechoka, macho yake yako kwenye ungo, na mdomo wake kwa miaka saba umezoea sauti ile.

"Naam, mwanangu," akaitikia.

Kule chini miguu midogo, iliyolowa, ikaanza kupanda ngazi.